Sufuria Isiyotazamwa

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule lilikuwa hili: mtu akiinamisha bakuli tupu juu ya sufuria, watu waliompa mgongo watasikia nini?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Cheti changu cha historia nilikifunga kwa karatasi ya nailoni na kukilaza chini ya godoro kisipate unyevu, na juu ya godoro hilo nililala macho nikipima sauti za vyakula. Maharagwe yakiingia majini yanalia kama mvua inayoanza juu ya mabati. Muhogo unatumbukia. Omena wanachakarisha. Mboga haisemi kitu, inateleza tu. Kwa hiyo, nilijiambia, mwenye bakuli tupu anaweza kudhaniwa ameleta mboga. Nikafarijika. Halafu nikakumbuka kwamba mboga hiyo itatafutwa kwenye sahani na haitaonekana, na usingizi ukakatika tena.

Ili nieleweke ni lazima nieleze ploti yetu. Ilikuwa Busia, upande wa Kenya, nyuma kidogo ya barabara ambayo malori husimama yakisubiri forodha. Vyumba vilipangwa mistari miwili vikitazamana, katikati ua wa udongo, bomba moja na kamba za kuanikia nguo. Karibu kila mpangaji alikula kutokana na mpaka. Mama mmoja aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliowafuata Port Victoria, na wanunuzi wake wengi walikuwa wa ng'ambo. Jirani yake alikuwa mwanamke wa upande wa Uganda aliyevusha ndizi, ambaye alituita wanawake wote nyabo, yaani mama kwa lugha ya kwao, hata mtoto wa kike aliyekuwa akitambaa. Chumba cha pembeni kilikuwa cha mwanamume wa makamo aliyebeba abiria kwa baiskeli, boda boda, akiwatoa geti hili na kuwafikisha geti lile. Mimi nilifundisha masomo ya jioni watoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, nikisubiri kazi ambayo serikali ilikuwa imeacha kutupa sisi wasomi kama ilivyowapa kaka zetu. Niliishi na mdogo wangu wa kike, wa darasa la nane. Nilikuwa nimemtoa kwetu, huko ndani ya Butula, ili asome shule ya mjini na afanye mtihani akiwa karibu na mwenye digrii. Ndivyo nilivyowaambia wazazi. Sikuwa nimewaza kwamba digrii hailiwi.

Mwaka ule mvua ilichelewa na unga ukapanda bei. Jioni moja mtoto wa chumba kimoja alisimama mlangoni pa chumba kingine wakati ugali unapakuliwa, akatazama. Hakuomba kitu. Mama yake akamwita kwa ukali na kumchapa. Aliyekuwa akipakua akashindwa kumeza. Na kwa muda watu wa ploti wakawa wanapika milango ikiwa imefungwa, moshi ukiwatoa machozi, ili mtoto wa mwenzao asije akatazama.

Mama wa omena ndiye aliyechoka. Alikuwa na sufuria kubwa ambayo watu waliiazima kwake kwa matanga na harusi. Akaitoa uani, akaiweka juu ya mafiga, akatangaza kwamba tangu siku hiyo ploti ina jiko moja. Kila chumba kitatia kilicho nacho, kila chumba kitakula. Mwanamke wa ndizi akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo: na asiye na kitu je? Mama wa omena akafikiri, kisha akaweka sheria ambayo sijaiona mahali pengine popote. Mwenye chumba atatoka na bakuli lililofunikwa kwa leso. Atasema, "Hodi jikoni." Hapo kila aliye uani atampa mgongo mpaka asikie mfuniko umerudi mahali pake. Na hao waliogeuka hawatanyamaza. Watapiga kelele, ili sikio nalo lisichungulie.

Kazi ya kelele ilimwangukia mtu wa baiskeli. Alikuwa na sauti ya kuita abiria aliye ng'ambo ya barabara, na uongo usiokwisha. Nakumbuka kisa cha mama aliyembeba kutoka upande wa Uganda, mama mnene kupita kiasi, mpaka tairi la nyuma likawa linaomba msamaha. Njiani mvua ikawakuta. Walipofika kwa maafisa mama alikuwa amekonda, kwa sababu unene wote ulikuwa sukari aliyojifunga kiunoni, na nyuki wa Busia nzima walikuwa wamejipanga nyuma ya baiskeli kama wanaosindikiza bibi harusi. "Afisa akaniuliza, boss, hawa nyuki ni wako? Nikamwambia, mzee, mimi nimebeba mmoja tu, hawa wengine wamedandia." Tukiwa tumeupa moto mgongo tulicheka mpaka tukashikana mabega, na huko nyuma yetu mtu alimimina alichomimina, na hakuna aliyejua. Zamu yake mwenyewe ilipofika, mwanamke wa ndizi alishika nafasi yake kwa nyimbo za kanisani, kwa sauti iliyotufanya tumwombe mwenye baiskeli afanye haraka.

Wiki za kwanza nilitoka na bakuli langu kama wengine. Maharagwe leo, viazi kesho. Chakula kilichotoka humo kilikuwa mchanganyiko ambao hauna jina: ndizi na omena, mtama na kunde, siku nyingine vyote kwa pamoja. Wenzangu wakakipa majina. Kikiwa kizito kilikuwa "lori limepakiwa." Kikiwa chepesi, "lori limeshusha." Siku ambayo ungeweza kuhesabu maharagwe kwenye sahani walisema dereva amekimbia na mzigo.

Kisha yule mfanyabiashara wa vitambaa akahamisha familia yake Malaba, ambako malori yalikuwa mengi zaidi, na masomo ya jioni yakaisha. Nilikwenda Malaba mara kadhaa kubisha kwenye ofisi za watu wa kupitisha mizigo. Walinisikiliza kwa adabu na kunieleza kwamba wanahitaji mtu anayewajua madereva. Historia haikuwa imenijulisha dereva yeyote. Chumbani ukabaki unga kidogo wa muhogo chini ya debe tuliloletewa kutoka nyumbani, na tukaanza kunywa uji mwepesi kiasi kwamba mdogo wangu alidai anauona uso wake ndani na unampendeza.

Hapo ndipo nilipoacha kwenda jikoni. Jioni, watu wakianza kukusanyika, nilifunga mlango na kuwasha taa nikajifanya nasoma. Wakiniita nilisema nimekula mjini. Nilisema hivyo siku ya kwanza, nikasema siku ya pili, na ya tatu mtu wa baiskeli akapita dirishani akasema, "Mwalimu, hiyo hoteli yako ya mjini inakukondesha. Badilisha."

Nilicheka kwa sauti, kisha nikalala nikilichambua lile neno. Je, amejua? Kama amejua, amewaambia? Kama amewaambia, je, wananihurumia ama wananicheka, na kati ya hayo mawili lipi afadhali? Unga ule ungeweza kutiwa kwenye sufuria, lakini ulikuwa mchache, na unga wa muhogo ukitupwa kwenye maharagwe unageuka gundi; wote wangejua ni nani mjinga. Nikafanya majaribio. Mdogo wangu akiwa shuleni nilichukua bakuli tupu, nikalifunika kwa leso, nikaliinamisha juu ya sufuria yetu ndogo na kusikiliza. Halikutoa sauti. Nikaliinamisha tena, nikiligonga kidogo kwenye ukingo. Likatoa sauti ya bakuli tupu.

Nilimruhusu mdogo wangu aende kula peke yake. Alikataa. "Nikienda watauliza wewe uko wapi. Nikisema umekula, nitakuwa nawadanganya na chakula chao kiko mdomoni."

"Basi utakaa na njaa?"

"Si hata wewe unakaa. Dada, tumbo langu halina digrii. Lakini aibu hiyo yako imeanza kuniambukiza."

Alikuwa na mdomo, yule mtoto. Hata hivyo niliona jinsi alivyokuwa akiegemea ukuta anapofunga viatu asubuhi, na mwalimu wake alikuwa amenitumia salamu kwamba anasinzia darasani. Nikafikia uamuzi ambao kwangu ulionekana wa busara: nimrudishe nyumbani. Kule kulikuwa na muhogo shambani, angalau. Lakini kwa mtihani alikuwa amesajiliwa Busia, na kumrudisha katikati ya mwaka kulikuwa ni kuupoteza mwaka. Wasichana wa kwetu waliopoteza mwaka niliwajua kwa sura. Wachache waliupata tena. Wengine niliwakuta sokoni wakiwa na mtoto mgongoni, wakinisalimu kwa heshima iliyoniumiza. Hilo nalo nililijua. Nililiweka upande mmoja wa mizani na aibu yangu upande wa pili, na kila siku mizani ililala upande wa aibu, nami nikaiita busara.

Nikamwambia ajitayarishe, Jumamosi angeondoka. Nikamwomba mtu wa baiskeli aje asubuhi abebe sanduku lake mpaka stendi. Mdogo wangu hakulia. Alikunja sare yake ya shule, akaiweka juu kabisa ndani ya sanduku, akasema kwamba huko atafanya mtihani wa kumenya muhogo na atakuwa wa kwanza wilayani.

Wiki hiyo hiyo mpaka ukafungwa. Sababu zilikuwa nyingi kama waliozisimulia; malori yakasimama, foleni ikarudi nyuma kuelekea Matayos, na madereva wakaanza kupika chini ya magari yao. Ndizi hazikuvuka. Abiria wa kuvushwa hawakuwepo. Mama wa omena hakuona faida ya kwenda Port Victoria kuleta omena ambao wanunuzi wake wamefungiwa ng'ambo. Ploti nzima ilikaa uani mchana, watu wazima wamejishika mashavu, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Kufikia Alhamisi sufuria iliwashiwa moto mapema. Maharagwe yalikuwa yameshatiwa na mtu. Hatukujua nani, ingawa wote tulimjua, maana ni mama wa omena peke yake aliyekuwa amebakisha maharagwe ya mbegu. Nikiwa chumbani nikayasikia yakichemka. Nikatazama rafu yetu. Unga ulikuwa umekwisha; palikuwa na chumvi tu, nusu ya pakiti. Nikawaza: chumvi ni kitu. Haiwezi kusemwa si kitu. Chakula bila chumvi hakiliki, na mtu anayeleta chumvi hawezi kuitwa mtu wa mikono mitupu. Nikaigeuza hoja hiyo kila upande na sikuona tundu. Nikamimina chumvi yote kwenye bakuli, nikaifunika, nikatoka, mdogo wangu akinifuata.

"Hodi jikoni."

Wakageuka. Mtu wa baiskeli akaanza kisa cha mbuzi aliyekataa kushuka kwenye kiti. Nikamimina, nikarudisha mfuniko, nikakaa karibu na mdogo wangu nikijihisi raia. Baada yangu walikuja wengine, kila mmoja na leso yake, kila mmoja na hodi yake, nasi tukageuka na kugeuka.

Mama wa omena alikoroga, akachota kwa mwiko, akaonja. Akasimama hivyo hivyo, mwiko hewani. Macho yakamtoka polepole.

"Mimi nimezaliwa kando ya ziwa," alisema. "Ziwa letu ni la maji matamu. Sasa hii bahari imetoka wapi?"

Mtu wa baiskeli akaonja, akakohoa mpaka akashika mti wa kamba za nguo. Watoto wakaonja kwa vidole wakakimbilia bomba. Swali lililofuata lilikuwa wazi, na sheria ya sufuria ilikataza kuliuliza. Tukatazamana. Kila uso nilioutazama ulitazama pembeni, na kila uliotazama pembeni ulikutana na mwingine unaotazama pembeni. Hapo mwanamke wa ndizi akaanza kutikisika mabega.

"Nyabo," akasema kwa sauti ndogo, "ni mimi. Nilikuwa na chumvi tu."

"Wewe?" Mtu wa baiskeli akamgeukia. "Ngoja. Hata mimi."

Mama wa chumba cha karibu na bomba akafunika uso kwa leso. Mzee aliyeshona viatu, ambaye hatukuwahi kumwona akicheka, akainua mkono kama mtoto darasani. Mkono mmoja baada ya mwingine ukainuka, na mimi nikabaki nimekaa nikitafakari kama mkono wangu utasaidia ama utaharibu, mpaka mdogo wangu akasema, "Na sisi. Nusu pakiti."

Kicheko kilichotoka pale sijui nikifananishe na nini. Wiki ile nzima ilitoka nacho. Mama wa omena alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, akipiga udongo kwa kiganja. Akasema ploti yetu imefilisika vizuri, maana watu wengine hufilisika hata bila ladha.

Kelele zile zikawaleta watu wa ploti ya nyuma, wakachungulia juu ya ukuta wakidhani kuna msiba. Wakaelezwa. Mmoja wao, mama mwenye kilemba, hakucheka mara moja. Akauliza kama kweli tuna chumvi nyingi hivyo. Kumbe wao walikuwa na muhogo, ulioletwa na ndugu kutoka shambani, na kwa siku kadhaa walikuwa wakiula chapwa. Haikuchukua muda. Muhogo ukapitishwa juu ya ukuta kwa karai, ukamenywa na kila mwenye kisu, ukatiwa; maji yakaongezwa; mchuzi mkali ukagawanywa na sufuria ya pili ikaletwa kutoka kwao. Tulikula ploti mbili pamoja, kabla giza halijaingia, na chakula kile kilikuwa na chumvi ya kutosha. Kikaitwa "forodha imefunguliwa." Mdogo wangu alirudia sahani.

Mtu angedhani mambo yalikwisha hapo kwangu. Hayakuisha, kwa sababu niligundua kwamba kesho yake sitakuwa hata na chumvi. Ijumaa nilishinda chumbani nikibishana na nafsi yangu. Jana kila mmoja alikuwa na chumvi. Chumvi ni kitu. Mimi leo nina sifuri. Sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba. Kwa mbali nilimsikia mtu wa baiskeli uani akisimulia, sauti yake imepanda hadi kwenye mabati, na kwa mara ya kwanza nikaacha kusikiliza kisa nikasikiliza sauti yenyewe.

Nikakumbuka wiki za mwanzo. Siku zile tulipokuwa na vitu, visa vyake vilikuwa vifupi. Wakati mwingine alisema tu kwamba leo kuna vumbi, na mfuniko ukarudi. Kadiri mwezi ulivyokuwa mbaya ndivyo nyuki walivyoongezeka, ndivyo mbuzi walivyoanza kupanda baiskeli. Mtu aliyemimina maharagwe hakuhitaji kelele zote hizo. Maharagwe yake hayakuwa na haja ya kufichwa. Mimi nilikuwa nimeumiza kichwa nikijiuliza watasikia nini, na hao watu kila jioni walikuwa wakijikausha koo makusudi ili wasisikie. Sheria nzima, leso, migongo, uongo wa mama wa sukari, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye bakuli kama langu. Wenye kitu walikuwa wakitusindikiza tu. Na kwa jinsi sauti ile ilivyokuwa juu Ijumaa ile, sikuwa peke yangu.

Sitasema hofu iliondoka. Nilinawa uso mara mbili. Nilichukua bakuli, nikaangalia kama kweli ni tupu, jambo la kipuuzi, nikalifunika kwa leso na kulibana kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Hodi jikoni," nikasema.

Migongo ikageuka, wa mdogo wangu ukiwa miongoni mwao. Mtu wa baiskeli akaleta kisa cha afisa wa forodha aliyetaka kumlipisha ushuru kuku aliye hai kwa mayai ambayo bado hajayataga. Nikafunua sufuria. Mvuke ukanipiga usoni. Ndani palikuwa na majani ya kunde na vipande vya muhogo, si vingi. Nikainamisha bakuli. Kisha nikarudisha mfuniko polepole, kana kwamba nimeweka kitu kizito, na hakuna aliyegeuka mpaka uliposhika.

Chakula kilipopakuliwa nilinyoosha sahani mbili. Mama wa omena akazijaza kama alivyojaza za wengine, bila kuniangalia zaidi wala pungufu. Nikakaa kando ya mtu wa baiskeli, nikameza tonge la kwanza kabla ya kusema, kwa sababu nilijua nikisema kwanza nitaanza kufikiri.

"Kesho asubuhi usije," nikamwambia. "Hasafiri."

Aliendelea kutafuna. "Nilikuwa nimeshapunguza upepo ili hilo sanduku lisifike stendi," akasema. "Sasa itabidi nijaze tena."

Tulipomaliza kula niliosha sahani bombani, nikaingia chumbani na kukata ile kamba. Nikatoa sare ya mdogo wangu, nikaikung'uta mikunjo, nikaenda kwa jirani kuazima pasi ya makaa.